Pesa ya Mnyonge Ina Wachumba Wengi

Wasee, leo tuongee pesa. Siongelei ile ya kupiga nayo picha kando ya gari la mtu. Naongelea ile kidogo inayobaki baada ya kodi ya nyumba, nauli na chakula. Ile unaiangalia kwa simu ukijiuliza: sasa hii niiweke wapi?

Huko Uingereza watu wa kawaida wameuliza swali hilo kwa zaidi ya miaka 200, na kila kizazi kimepewa jibu lake. Weka kwa sanduku. Peleka posta. Ikopeshe serikali ipigane vita. Nunua hisa za gesi. Fungua ISA. Na kila mara anayetoa jibu huwa na sauti tamu, kama ya mtu aliyekuja kuposa.

Ndiyo maana nasema pesa ya mnyonge ina wachumba wengi. Ukifuata historia ya akiba Uingereza, utaona karibu kila chombo kilianzishwa na mtu aliyekuwa na shida yake mwenyewe, na pesa za watu wadogo ndizo zilikuwa dawa. Sisemi ni wizi. Kuna wachumba wa kweli, na kuna ndoa zinazodumu. Lakini nani hukubali posa bila kuuliza huyu mtu anataka nini?

Mbona Uingereza na si hapa kwetu? Kwanza, wengi wetu tuna mtu huko. Tangu makubaliano ya 2021 kati ya Kenya na Uingereza kuhusu wahudumu wa afya, wauguzi wetu wanaendelea kwenda, na kabla hata hawajazoea baridi wanakutana na karatasi za pensheni na maneno kama ISA na Premium Bonds. Binamu yangu ni mmoja wao, na maswali anayonitumia usiku ndiyo yaliyonifanya nianze kuchimba. Pili, vitu vingi vya akiba tunavyotumia hapa vilizaliwa kule. Twende basi.

Chama cha kwanza kilikuwa cha wenyewe

Tuanze Birmingham, 1775. Kuna mwenye baa anaitwa Richard Ketley, na baa yake ni Golden Cross. Wateja wake wanakubaliana kitu: kila mwezi kila mtu anatoa kiasi fulani, pesa zinakusanywa pamoja, na zikifika za kutosha mmoja anapata nyumba. Halafu mwingine. Halafu mwingine, mpaka wote wapate. Wakimaliza, wanavunja kikundi na kila mtu anaenda zake.

Si unajua hiyo inaitwaje? Hiyo ni chama. Merigo, lakini ya nyumba.

Vikundi hivyo viliitwa vyama vya ujenzi wa nyumba. Baadaye vingi vikaacha kuvunjwa na vikawa vya kudumu: wengine wanaweka akiba wapate riba, wengine wanakopa wanunue nyumba, na wote ni wanachama. Hakuna mwenye hisa aliyekaa kando akisubiri faida. Kati ya vyombo vyote nitakavyotaja leo, hiki ndicho watu walijiundia wenyewe. Kishike kichwani, maana tutakirudia, na kilichokipata baadaye kinauma.

Sanduku la kufuli tatu

Mwaka 1810, katika kijiji cha Ruthwell huko Uskoti, mhubiri wa parokia anaitwa Henry Duncan alianzisha benki ya akiba ya maskini. Benki za kawaida za Uskoti wakati huo zilitaka uwe na pauni 10 ndiyo wakufungulie akaunti. Kwa kibarua wa shambani hiyo ilikuwa ndoto. Duncan alipokea peni 6. Kumbuka enzi hizo pauni moja ilikuwa shilingi 20, na shilingi moja peni 12. Yaani peni 6 ni nusu shilingi.

Pesa zilihifadhiwa kwa sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zilishikwa na watu tofauti. Huwezi kulifungua ukiwa peke yako. Hakuna kompyuta, hakuna mkaguzi, lakini mtu alikuwa amefikiria kuhusu uaminifu.

Sasa, Duncan alitaka nini? Alikuwa mtu mwema, na alisema wazi: alitaka maskini wajitegemee badala ya kuishi kwa msaada wa parokia. Wazo lilienea haraka kwa sababu matajiri waliokuwa wakilipia huo msaada walilipenda pia. Maskini mwenye akiba hagharimu mtu kitu.

Serikali nayo ikaona. Vita vya Napoleon viliisha 1815 na kuiacha Uingereza na deni kubwa. Mwaka 1817 Bunge likapitisha sheria ya benki za akiba: pesa za wawekaji zipelekwe kwa ofisi ya serikali inayoshughulikia deni la taifa, na serikali itoe riba nzuri. Umeona mchumba wa pili ameingia kwa mlango gani?

Lakini sheria hiyo ilikuwa na tundu. Serikali ililinda pesa zilizoifikia. Zile zilizoliwa njiani hakuna aliyezilinda. Mwaka 1849 katika mji wa Rochdale, mtu aliyekuwa akisimamia hesabu za benki ya akiba, George Haworth, alikufa. Baada ya kufa kwake vitabu vikafunguliwa, na ikaonekana zaidi ya pauni 70,000 hazipo. Alikuwa mtu wa heshima mjini. Waliopoteza ni wafanyakazi wa viwanda waliokuwa wakiweka shilingi moja moja. Kufuli tatu za Ruthwell, huko Rochdale zilikuwa zimekuwa mtu mmoja mwenye jina zuri.

Posta inakuja

Baada ya kashfa kama hizo, watu walianza kudai chombo ambacho serikali yenyewe inakidhamini. Mwaka 1861, Waziri wa Fedha William Gladstone alipitisha sheria ya Benki ya Akiba ya Posta. Ungeweza kuweka kuanzia shilingi moja kwenye ofisi ya posta, ukapewa kitabu, na kila senti ikadhaminiwa na serikali. Riba ilikuwa asilimia 2.5.

Kwa maisha ya watu hili lilikuwa jambo kubwa. Posta ilifungwa jioni, wakati mfanyakazi ametoka kazini, na benki zilikuwa zishafunga zamani. Mtoto wa miaka 7 angeweza kuwa na akaunti yake. Mwaka 1870 sheria nyingine ikampa mwanamke aliyeolewa haki ya mshahara alioutolea jasho na akiba aliyoiweka benki kwa jina lake. Kabla ya hapo, kisheria pesa ya mke ilikuwa ya mume. Na mwaka 1880 mkuu wa posta, Henry Fawcett, ambaye alikuwa kipofu, akaleta karatasi ya kubandika stempu za peni moja. Ukijaza stempu 12, unayo shilingi, unaipeleka kwa akaunti. Ukifikiria, huyo ndiye babu wa hizi akiba za simu zinazokuruhusu kuweka shilingi 10.

Na Gladstone alitaka nini? Hakuficha. Alitaka serikali iwe na mfuko wake wa kukopa bila kupigia magoti mabenki makubwa ya London. Shilingi za wafanyakazi wa ndani na wachimba makaa zikawa mkono wake wa fedha. Biashara ilikuwa ya haki kiasi: wewe upate usalama, mimi nipate mkopo rahisi.

Mfumo huo ulivuka bahari. Mwaka 1910 serikali ya kikoloni ilianzisha benki ya akiba ya posta hapa Kenya, na ndiyo hiyo mpaka leo tunaiita Postbank. Kama nyanya yako ana kile kitabu kwenye sanduku lake, amebeba wazo la 1861.

Lakini usalama una bei yake. Ile riba ya asilimia 2.5 ya akaunti ya kawaida haikuguswa kwa zaidi ya miaka 100. Karne nzima! Bei za vitu zikitulia, sawa. Zikiruka, je? Mwaka 1975 mfumuko wa bei Uingereza ulizidi asilimia 24. Hebu piga hesabu: una pauni 100 kwa akaunti inayolipa asilimia 5. Mwisho wa mwaka unazo 105. Lakini vile vitu vya pauni 100 sasa ni 124. Hakuna aliyekuibia, kitabu kinaonyesha pesa zimeongezeka, na bado umepigwa.

Hili swali la "pesa yangu iko salama?" kumbe ni maswali mawili. Iko salama isipotee? Na iko salama isiyeyuke? Posta ilijibu la kwanza vizuri sana. La pili ilinyamaza.

Toa pesa, ni kwa ajili ya nchi

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja, mchumba alivaa sare ya jeshi.

Mwaka 1916 serikali ilianza kuuza hati za akiba za vita kwa watu wa kawaida. Unalipa shilingi 15 na peni 6, na baada ya miaka 5 unalipwa pauni nzima, bila kodi. Kwa wenye pesa zaidi, mwaka 1917 kulikuwa na bondi kubwa, Mkopo wa Vita, iliyolipa asilimia 5. Mabango kila mahali. Ujumbe ulikuwa rahisi: kijana wako yuko kwenye mahandaki, wewe huwezi kutoa hata pauni?

Watu walitoa. Halafu ukafika mwaka 1932. Uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka, riba ilikuwa mzigo mzito, na Waziri wa Fedha Neville Chamberlain akatangaza kwamba Mkopo wa Vita, kama pauni bilioni 2, utabadilishwa kutoka asilimia 5 hadi 3.5. Kisheria mtu angeweza kukataa na kudai pesa zake. Lakini kampeni ya uzalendo ilikuwa kali, na wengi sana walikubali.

Ubaya uko kwa maandishi madogo. Bondi hiyo mpya haikuwa na siku ya mwisho. Serikali ingelipa mtaji siku itakayoamua yenyewe. Wewe ungepata asilimia 3.5 yako kila mwaka, basi. Ukitaka mtaji, nenda soko ukamuuzie mtu mwingine kwa bei atakayotaja. Katikati ya miaka ya 1970, wakati ule mfumuko ulikuwa ukiwaka, bondi ya pauni 100 ilikuwa ikiuzwa chini ya pauni 25.

Serikali ilikuja kulipa mtaji lini? Machi 2015. Karibu miaka 100 tangu 1917. Zaidi ya watu 120,000 walikuwa bado wanazo, wengi wao na vipande vidogo. Na kilicholipwa ni zile pauni 100 zilizoandikwa, ambazo hazikuwa karibu hata kidogo na thamani ya zile pauni 100 alizotoa babu.

Kwa hivyo mtu akikuambia "bondi ya serikali haipotezi pesa", muulize anamaanisha nini. Uingereza haikukataa kulipa deni hilo hata siku moja. Ililipa kila senti. Na wenye bondi walikula hasara vibaya.

Riba yako iwe tiketi

Mwaka 1956 serikali ilitaka watu watumie kidogo na waweke zaidi. Waziri wa Fedha Harold Macmillan akaja na kitu kipya: Premium Bonds. Unaweka pauni yako, unaweza kuitoa ukitaka, lakini hupewi riba. Riba ya watu wote inakusanywa na kugawanywa kama zawadi kwa bahati nasibu. Droo ya kwanza ilifanyika Juni 1957, zawadi kubwa ikiwa pauni 1,000, na mashine iliyochagua namba iliitwa ERNIE. Waliounda ERNIE walikuwa watafiti wa posta huko Dollis Hill, palepale palipoundwa mashine ya kuvunja siri za Wajerumani wakati wa Vita vya Pili.

Upinzani na wakuu wa kanisa walilalamika kwamba serikali imekuwa mchezesha kamari. Watu wakanunua tu. Leo zaidi ya watu milioni 20 wanazo. Ukiuliza mzee wa Kiingereza akiba yake iko wapi, kuna uwezekano mkubwa atakutajia hizo.

Naelewa utamu wake. Ni kamari ambayo mtaji haupotei, tofauti na zile za mpira zinazomaliza vijana wetu. Lakini hesabu ni hesabu. Ikiwa kila bondi ya pauni 1 ina nafasi moja kati ya 22,000 kwa mwezi, mwenye pauni 100 atangoja kwa wastani miaka 18 ndiyo ashinde mara moja. Mwenye pauni 50,000, ambacho ndicho kiwango cha juu, hushinda mara kwa mara. Mwenye kidogo ananunua ndoto. Mwenye nyingi anapata kitu kinachokaribia riba. Na serikali? Inapata mkopo kutoka kwa wote wawili.

Sid, umesikia?

Miaka ya 1980, serikali ya Margaret Thatcher ilikuwa ikiuza mashirika ya umma. Ili mauzo yapite, ilihitaji wanunuzi, na pia ilitaka wapiga kura wajisikie wenye mali. Kampuni ya simu iliuzwa 1984. Mwaka 1986 ikafika zamu ya British Gas, na matangazo kwa televisheni yakawa yanahimiza watu wampashe habari jamaa mmoja anaitwa Sid. Sid hakuwepo. Sid alikuwa wewe.

Hisa moja ilikuwa peni 135, na ungelipa kwa awamu. Watu karibu milioni 4.5 waliomba. Nchi ambayo mwaka 1979 ilikuwa na wenye hisa kama milioni 3, ilipofika mwanzo wa miaka ya 1990 ilikuwa nao kama milioni 11.

Mapinduzi, si ndiyo? Angalia upande wa pili. Mwaka 1963, watu binafsi walimiliki moja kwa moja asilimia 54 ya hisa zote zilizoorodheshwa Uingereza. Mwanzo wa miaka ya 1990, baada ya kelele zote za Sid, walimiliki kama asilimia 20. Watu wenye hisa waliongezeka. Sehemu yao ya mali ikapungua. Wengi waliuza haraka wakachukua faida kidogo, na hisa zikaenda kwa mifuko mikubwa. Kuhesabu wenye hisa na kuhesabu hisa ni vitu viwili tofauti, na wanasiasa hupenda kile cha kwanza.

Chama kinauzwa

Sasa turudi kwa wale wa Golden Cross.

Kufikia miaka ya 1980, vyama vya nyumba vilikuwa vimekuwa vikubwa kama benki. Sheria ya 1986 ikaviruhusu kuacha kuwa mali ya wanachama na kuwa kampuni za hisa. Abbey National ilitangulia, 1989. Wanachama walipewa hisa za bure ili wapige kura ya ndiyo. Unaona mtego? Jasho la vizazi, lililokusanywa kwa zaidi ya miaka 100, linagawanywa kwa wale waliobahatika kuwa wanachama mwaka huo. Wajanja walizunguka nchi wakifungua akaunti ndogo kila chama, wakingoja mgao.

Northern Rock ya Newcastle iligeuka 1997. Baada ya hapo ilitaka kukua haraka kuliko akiba za wateja wake, ikawa inakopa kwa masoko ya fedha ili ikopeshe watu. Mwaka 2007 masoko hayo yakaganda. Tarehe 14 Septemba, foleni zikatokea nje ya matawi yake: wazee na viti vyao, watu wa kazi na vitabu vyao. Mara ya mwisho watu kukimbilia benki kutoa pesa hivyo Uingereza ilikuwa 1866.

Wengi walicheka wale wazee kwa televisheni, ati wana hofu bure. Lakini wazee walikuwa wamesoma sheria. Bima ya amana wakati huo ililipa pauni 2,000 za kwanza zote, kisha asilimia 90 tu ya pauni 33,000 zinazofuata. Ukiwa na pauni 35,000, ungeweza kupoteza 3,300. Zilizozidi hapo hazikuwa na kinga kabisa. Kusimama kwa foleni ilikuwa akili timamu.

Serikali ikatangaza inadhamini kila kitu, na Februari 2008 ikaitaifisha benki hiyo. Wiki chache tu baada ya foleni, kinga ya asilimia 100 ilikuwa imepandishwa hadi pauni 35,000. Ikawa 50,000 mwaka 2008, 85,000 mwishoni mwa 2010, na tangu Desemba 2025 ni pauni 120,000 kwa kila mtu kwa kila benki. Hapa kwetu ni shilingi 500,000. Hizo namba zilisukumwa juu na wale wazee wenye viti.

Na vyama vile vilivyogeuka? Hakuna hata kimoja kilichobaki benki huru leo. Vyote vilianguka au vikamezwa. Nationwide, ambayo mwaka 1998 wanachama wake walikataa kwa kura chache kugeuka, bado ipo, bado ni ya wanachama. Mwaka 2024 ilinunua Virgin Money, ambayo ilikuwa imenunua mabaki mazuri ya Northern Rock mwaka 2012. Chama kikakusanya mifupa ya chama mwenzake.

Sasa hivi je?

Leo jibu la kawaida Uingereza ni ISA. Usidanganyike na herufi, si aina ya uwekezaji. Ni kama kapu: ukiweka pesa au hisa ndani yake, faida haitozwi kodi. Ilianza Aprili 1999, na tangu 2017 mtu mzima anaweza kuweka hadi pauni 20,000 kwa mwaka. Kapu ni zuri. Lakini aliyelisuka ni serikali, na serikali hubadilisha masharti ya kapu kulingana na shida yake. Katika bajeti ya Novemba 2025 walitangaza kwamba kuanzia Aprili 2027, mtu wa chini ya miaka 65 ataweza kuweka kama pesa taslimu pauni 12,000 tu. Akitaka kujaza kapu, zilizobaki ziende kwa uwekezaji. Kwa nini? Kwa sababu wanataka pesa za watu ziingie kwa hisa na makampuni. Sid amerudi, amevaa suti mpya.

Kuna ile ya vijana pia, Lifetime ISA, kwa wa miaka 18 hadi 39. Unaweka hadi pauni 4,000 kwa mwaka, serikali inaongeza asilimia 25. Tamu! Lakini ukiitoa kwa sababu isiyo nyumba ya kwanza, uzee wa miaka 60 au ugonjwa wa kufisha, unakatwa asilimia 25 ya yote. Weka 4,000, inakuwa 5,000, kata 1,250, unabaki na 3,750. Umeadhibiwa kwa pesa zako. Muuguzi wetu anayepanga kujenga Kakamega na si kununua nyumba Leicester anapaswa kujua hiyo hesabu kabla ya kuweka sahihi.

Na pensheni ya kazini. Tangu 2012 mwajiri lazima akuandikishe mwenyewe ukitimiza umri na mshahara, na tangu 2019 jumla ya mchango wa chini ni asilimia 8 ya sehemu ya mshahara inayohesabiwa, angalau 3 zikitoka kwa mwajiri. Wengine wetu hujitoa ili watume pesa nyumbani zaidi. Mimi hapo nasimama upande wa serikali: ukijitoa, zile 3 za mwajiri zinabaki kwa mwajiri. Huyu ni mchumba ana shida yake, hataki kuja kukulisha ukizeeka, lakini mahari yake ni ya kweli. Chukua.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema "serikali na benki ni wezi, weka chini ya godoro", wala na wale wa "nunua hisa tu, utanishukuru". Wote wanaruka swali. Mtu aliyeweka shilingi yake posta 1861 alilindwa. Aliyeweka Rochdale aliliwa. Aliyenunua Mkopo wa Vita alilipwa karatasi. Wote watatu walikuwa na nidhamu ileile ya kubana matumizi, ile tunayohubiriwa kila Januari. Nidhamu haikuwatofautisha. Kilichowatofautisha ni nani alishika pesa, kwa masharti gani, na nani alikuwa akimwangalia.

Kwa hivyo binamu akinitumia ujumbe tena saa sita usiku, swali langu kwake ni lile la Ruthwell: hilo sanduku lina kufuli ngapi, na funguo ziko kwa nani?